Mzee Kyule, Aliyekataa Chai Yangu Mpaka Kesi Iishe

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Mzee Phares Kyule anastaafu ukarani wa korti yetu baada ya miaka thelathini na mmoja. Wakubwa wameniambia niandike kwa sababu mimi ndiye nimempikia chai muda mrefu. Nitaandika, lakini huyu mzee amenichosha na nitasema.

Alianza kwa kubeba mafaili, akapanda mpaka kuita kesi mbele ya hakimu. Sauti yake ilifika kwa wauza njugu nje ya geti. Lakini kilichommaliza ni swali la gharama. Kila siku mtu hutoka amefura: "Nimeshinda, sasa wakili wangu analipwa na nani?" Naye hueleza polepole, kama anamfunza mtoto kufunga viatu, kwamba kwa kawaida aliyeshindwa ndiye humlipia mshindi, ila hakimu ana uhuru wa kuamua vingine akiangalia vile kila mmoja alivyojiendesha. Mtu anaitikia, anafika getini, anarudi kuuliza tena. Haki ya Mungu, mimi ningefunga dirisha.

Kwangu sasa alikuwa jiwe. Binti yangu Elsie, fundi wa nguo soko la Gikomba, alishtakiwa na jirani yake Ndindi kwamba amesogeza kibanda chake akaingia nafasi ya Ndindi. Nilijua akishindwa na kuambiwa amlipie Ndindi wakili, madalali wa korti watabeba cherehani, na wajukuu wangu wanakula kwa hiyo cherehani. Usingizi ulinipotea. Nikampelekea Mzee chai ya tangawizi, na mandazi juu. Akaisukuma.

"Mama Elsie, una kesi hapa. Nitakunywa ikiisha."

"Ni chai, Mzee, si shamba!"

Akacheka, akaenda kunywa maji ya mfereji. Kesi yote hiyo, maji ya mfereji! Nilitamani kumrushia sufuria.

Elsie alishindwa. Halafu hakimu akasema Elsie alijitolea mapema kurudisha nusu ya nafasi, Ndindi akakataa hata kuketi wazungumze. Kwa hivyo kila mtu ajilipie gharama zake. Cherehani ikabaki.

Ndindi alipiga kelele pale nje kwamba mamake Elsie ndiye hulisha korti, ndiyo maana amenyimwa gharama. Akauliza askari wa geti, akauliza wauza njugu. Wote wakamjibu kitu kimoja: karani hajagusa chai ya huyo mama tangu kesi ianze. Akaenda zake. Mzee naye akaingia jikoni, akaninyooshea kikombe nimjazie chai.

Asante, Mzee. Tunakuombea afya, na kuku wako wa kule nyumbani Njiru watage mpaka wakuchoshe vile ulivyotuchosha. Wenye swali la gharama wameanza kuja kwa dirisha la jikoni, umeniachia mzigo. Leo sina kesi, wala wewe huna faili ya mtu. Sufuria iko motoni. Kuja na kikombe kikubwa.