Kadi za Mama Mistari

Juzi asubuhi, baada ya safari ya siku mbili, nilishuka kwenye kituo nisichokijua na kuuliza ilipo nyumba ya dada yangu. Hakuna aliyelitambua jina nililotaja. Niliposema alikuwa karani wa hospitali, muuza magazeti akatikisa kichwa: "Si useme Mama Mistari! Kumbe wewe ndiye yule mdogo wake wa huko mbali? Pole sana, kaka." Hivyo ndivyo nilivyoanza kumfahamu marehemu, nikiwa nimechelewa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1956, wa kwanza kati yetu wawili. Alianza shule ya msingi mwaka 1964, akamaliza kidato cha nne mwaka 1974, kisha akasomea utunzaji wa kumbukumbu. Kuanzia Februari 1977 hadi 2011 alikuwa karani wa masjala ya hospitali. Wenzake wanaapa kwamba mikononi mwake halikupotea faili hata moja.

Mwaka 1980 alikwenda kwa fundi cherehani kushonewa sketi. Alipochoka kusubiri, alichukua chaki akajaza mawimbi kwenye kitambaa kilichokuwa mezani. "Dada, hilo ni koti la bwana harusi!" fundi akamaka. "Basi atapendeza," akajibu. Yeye na fundi huyo walifunga ndoa tarehe 5 Desemba 1981.

Baada ya kustaafu, kila Alhamisi alikaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa wanaosubiri daktari, akiwafundisha kuchora: kikaratasi cha mraba, kalamu ya wino, na vistari vinavyorudiwarudiwa mpaka pumzi itulie. Kifutio alikipiga marufuku. Kila mchoro aliuonesha kwenye kadi yake, hatua kwa hatua; mgonjwa alipewa kadi aifuate, kisha akairudisha. Ameacha kadi 1,140 katika maboksi saba ya viatu.

Oktoba 2023 mikono yake ilianza kutetemeka. Hakuacha kuchora, alisema sasa mawimbi yanakuja yenyewe. Alifariki hospitalini Jumapili, tarehe 9 Machi 2025, saa tisa alasiri.

Hapa sina budi kukiri kosa letu. Ili nyumba ipendeze wageni wakija, sisi ndugu tulizimwaga kadi zote tukazipanga upya: miduara kwa miduara, miraba kwa miraba. Jana fundi viatu, mwanafunzi wake wa siku nyingi, alikuja kuchukua za darasa la Alhamisi. Akashika kichwa.

"Jamani, nani kawaambia alipanga kwa maumbo? Boksi hili lilikuwa la wanaosubiri majibu. Lile, la wenye hasira. Hili kubwa, la wasiojua hata wanahisi nini!"

"Na hii ni ya wapi?" shemeji akauliza, kadi mkononi.

"Unaniuliza mimi? Si wewe mumewe?"

Shemeji akairudisha kadi mezani. Karani aliyeandika kila faili la watu hakuandika chochote kwenye maboksi yake. Mpaka sasa hatuelewi tuanzie wapi.

Kwa hiyo tunawaomba: yeyote aliyewahi kupewa kadi naye, tukitoka hapa apite nyumbani, aioneshe kati ya hizo zilizochanganyika, aseme siku ile alikuwa na hali gani.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano na mdogo wake mmoja.

Dada anaondoka sasa, mikono yake imetulia. Alale salama. Mimi nabaki mezani kwake, nawasubiri.