Ezron Nzunda, Aliyempa Sokwe Jina la Baba

Ndugu waombolezaji, poleni na msiba, na poleni na jua, maana mnaona wenyewe majembe yameegemezwa ukutani, kaburi halijachimbwa, na sababu yake itasomwa humu bila kufichwa.

Marehemu Ezron Asajile Nzunda alizaliwa tarehe 14 Machi 1959 hapa Igamba, mtoto wa kwanza wa Mzee Asajile, akifuatiwa na Osea, ndiye huyu anayewasomea. Alisoma shule ya msingi mwaka 1967 hadi 1973, tarehe 6 Oktoba 1984 akafunga ndoa na Ruti wa Itaka, Mungu akawajalia binti mmoja, Ferista.

Mwaka 1987 alipata kazi mkoani Kigoma ya kuwafuatilia sokwe kwa ajili ya watafiti, kutwa yuko msituni na daftari lake, akiandika nani kala nini, nani kampiga nani, na akija likizo alitusimulia, nasi tukacheka mpaka machozi, kwamba sokwe wakigombana, baadaye mmoja humfuata mwenzake, akamnyooshea mkono, yakaisha.

Kosa lake ni moja. Mei 1991, baba akiwa na mwaka mmoja kaburini, alizaliwa sokwe dume kule msituni, watafiti wakamwachia Ezron ampe jina, naye kwa mapenzi tu akamwita Asajile, akatuandikia barua ya furaha, wakati jina hilo lilikuwa limetunzwa kwa mtoto aliyekuwa tumboni mwa mke wa Osea, maana kwetu jina la marehemu humrudia mjukuu. Haki ya Mungu, jina la baba kwa mnyama! Osea aliapa mbele ya ukoo kwamba Ezron hatalala kando ya baba, akalale na nyani wake, na kwa miaka ishirini na tatu hakumpa hata salamu.

Aliugua saratani ya ini Februari 2014, akatibiwa Mbeya, Julai akarudi nyumbani, akajikokota mpaka kwa Osea, akanyoosha mkono, Osea akafunga mlango. Alifariki Ijumaa tarehe 8 Agosti. Jana wazee walikumbushia kile kiapo, naye Ferista akasema, wote mkisikia, kwamba katika madaftari yote ya baba yake hakuna sokwe mwenye kinyongo cha namna hii.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kukesha, na wenzake wa kambini waliosafiri siku mbili kutoka Kigoma. Kiapo kilikuwa cha Osea, na Osea anakivunja hapa: vijana, chukueni majembe, chimbeni kuume kwa baba, pale Osea alipokuwa amejitengea mwenyewe. Kaka, hata mnyama angeupokea mkono wako. Nisamehe, upumzike kwa amani.