Sura Yangu Itoke Kwenye Chupa

Nisogezeeni huu mto, wanangu, kisha mmoja wenu akazime jiko, kwa maana harufu ya jemu inayotoka huko ndiyo iliyonifanya niwaite. Kaeni. Hata wewe, Meneja, kaa. Simu itakusubiri, mimi siwezi.

Asubuhi mmeniletea mkate uliopakwa jemu ya mapera, mkasema, "Kula, Mama, ni ile yako." Nikaweka mdomoni, nikajua. Mlidhani ugonjwa umekula na ulimi? Ile ni sukari tupu, imechemshwa na mapera na kutiwa rangi ili ifanane na yangu, na kwenye chupa bado ipo picha yangu nimefunga kitambaa, na chini yake maneno: imetiwa asali tu. Nikamuuliza dada yenu huyu mdogo, akatazama dirishani. Nikakuuliza wewe, Meneja, mzaliwa wangu wa kwanza, ukaniambia, "Mama, wateja hawajui tofauti." Kwani mimi ni mteja?

Sikilizeni, sitarudia, pumzi sina. Baba yenu alipofariki, shangazi yenu alisimama kwenye mlango ule pale akasema sitamaliza mwaka na watoto watatu na sufuria moja. Sufuria hiyo nikaibandika jikoni. Nilichagua mapera mabivu, nikachanganya na machache yaliyo bado magumu, kwa sababu hayo magumu ndiyo yanayogandisha. Nikachemsha, nikachuja mbegu kwa chekeche mpaka mkono unakufa ganzi, nikarudisha motoni mpaka mwiko ukipita kwenye kitako cha sufuria njia inabaki wazi. Hapo naipua. Naiacha ipoe kiasi cha kuvumilika kidoleni, ndipo natia asali, maana asali ikichemka harufu yote inakwenda na moshi, unabaki utamu wa kijinga. Yule mrina asali aliyekuwa akiniuzia alinicheka: "Mama Mapera, unaibembeleza kama mtoto mchanga!" Niliibembeleza, ndiyo. Na kwa kubembeleza huko mkavaa viatu, mkasoma.

Ni kweli haikai sana rafuni. Nililijua hilo kabla yako, Meneja. Ndiyo maana nilipika kidogo kidogo, na mwenye duka aliyetaka nyingi nilimwambia asubiri. Wewe hukutaka kusubiri. Ungeniambia, tungegombana, ungeniona mkaidi, mwishowe tungeandika sukari kwenye chupa na watu wakaamua wenyewe. Badala yake ulinificha, na hawa wenzako wakakusaidia kunificha, mkawa mnaingia humu na sinia mkitabasamu.

Sasa mambo ni haya. Nyumba ni yenu nyote, na isiuzwe kabla kila mmoja hajapata pa kulala. Sufuria, chekeche na mwiko namwachia kitinda mimba wangu. Usijidanganye, mwanangu, si kwamba wewe ni mwema kuliko wenzako. Hizo karatasi zenye sura yangu ulizibandika wewe kwa mikono yako. Ila leo, kati yenu wote, ni wewe tu uliyeshindwa kuniangalia na kusema ni asali.

Meneja, endelea na sukari yako, sikuzuii, una watoto wa kulisha. Lakini sura yangu itoke kwenye chupa. Na zilizoko madukani mkazifuate. Nyamaza, najua ni nyingi. Sitaki mtu aliyenijua ampakie mwanawe uongo kwenye mkate huku mimi namtazama.

Shangazi yenu akija msibani mpeni kiti, mpeni chai. Nafasi ya kuzungumza asipewe.

Juu ya kabati, nyuma ya birika bovu, ipo chupa ya mwisho niliyoipika kabla miguu haijagoma. Mkitoka kunizika, ifungueni, mle pamoja, hapa, mkitazamana. Nikichelewa kufa mtaikuta imechacha. Basi mtaila hivyo hivyo.

Mungu awape riziki... awape na watoto watakaowaambia ukweli. Mimi nawabariki, nimewazaa, nifanye nini... Wewe, mdogo, shika mkono... usilie, unanitikisa.

Jiko... mmelizima? Mbona bado nainusa.