Mzee Placidius Mwesiga, Fundi Umeme wa Pijo Nyeupe (1951–2025)

Mzee Placidius Mwesiga alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 Nyakakika, wilayani Karagwe, mtoto wa kwanza wa wakulima wa ndizi na kahawa. Waliomjua utotoni wanasema alianza kubisha kabla ya kutembea, na wanawe hawana sababu ya kuwakatalia.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Nyakakika, akamaliza mwaka 1966. Baba yake alitaka awe karani wa kahawa. Yeye akapanda lori kwenda Bukoba kujifunza umeme wa magari.

Mwaka 1975 alifungua gereji Kayanga. Wateja aliwachosha kwa kanuni moja: usilaumu betri kabla hujaulizia njia ambayo umeme unarudia. Mwaka 1983 alinunua gari, Pijo 404 iliyotelekezwa, akaifunga nyaya zote upya kwa mkono wake. Ilipeleka wajawazito hospitali na maharusi kanisani, hadi Nkwenda, mbali huko.

Alifunga ndoa na Bi. Sperancia tarehe 8 Julai 1978. Mama huyo husema aliolewa peke yake, mke mwenza akaja baadaye na magurudumu manne.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Agosti 2024, Mzee akiwa amelazwa, ndugu waliipaka Pijo rangi kwa ajili ya harusi ya kitinda mimba wake, Kemirembe. Walifungua kila kinachofunguka, wakapaka hadi ndani ya boneti, maana bibi harusi hapelekwi na gari la madoa. Siku yenyewe haikuwaka hata taa. Kemirembe akaenda kanisani kwa gari la kukodi, machozi yakimlenga. Wakabadilisha betri, wakabadilisha starta, kimya. Melkiory, mdogo wa marehemu, akakata tamaa, akaita wanunuzi wa chuma chakavu.

Tarehe 12 Novemba Mzee aliruhusiwa kutoka hospitali, akawakuta uani wakiifunga Pijo minyororo. Melkiory akamwambia kwa upole na heshima ya kwetu, "Kaka, waitu, gari limekufa. Wewe pumzika."

"Hata mimi mmeshaanza kunisema hivyo," Mzee akajibu. "Fungueni minyororo. Kemirembe, niletee taa ya kujaribia na kisu."

Kusimama hakuweza, wakamwekea kiti mbele ya boneti. Taa iliwaka kwenye betri, lakini alipohamishia waya wake mmoja kwenye bodi, chuma cha gari lenyewe, ikazimika. Akalegeza bolti inayoshika waya wa betri kwenye bodi. Chini yake palikuwa na rangi nyeupe, safi, inayong'aa. Umeme ulikuwa umezibiwa njia ya kurudi. Akaikwangua mpaka chuma kikaonekana, na aliyetaka kumsaidia alifukuzwa. Kemirembe akazungusha ufunguo, injini ikaitika. Mzee akalia mbele ya watu wala hakuona haya.

Madaktari walisema asingefika Krismasi. Aliifikia, na senene, panzi wetu wa msimu, akala. Alifariki nyumbani tarehe 9 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto watano, wajukuu kumi na mmoja na mdogo wake Melkiory. Pijo ameachiwa Kemirembe, kwa kauli ya marehemu mwenyewe, Melkiory akiwa shahidi. Wanunuzi wa chuma chakavu mliokuja kuifariji familia, asanteni sana. Chakula kipo, msiondoke bila kula. Mungu ampe Mzee Placidius pumziko la amani. Gari haliuzwi.