Watatu wa Dirishani: Maisha ya Jemima Thoya

Wazee wetu, shikamooni. Jamaa na majirani, poleni. Maneno haya ni ya Mwero Dzombo, mume wa marehemu. Mdogo wake Chengo anayasoma kwa sababu mwenyewe sauti imemkauka. Ameagiza lisipunguzwe hata neno moja.

Jemima alizaliwa Msambweni tarehe 9 Agosti 1932, kitinda mimba wa mzee Thoya na mama Mbodze. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akaacha mwaka 1946 babake alipougua. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mumewe, na jambo hilo nalo lilimkera mumewe.

Mwaka 1951 alianza kazi ya nyumbani kwa mama mmoja Mzungu, Diani. Huko ndiko alikojifunza kutunza maua ya bahari, wale wanyama laini wanaoshika mwamba kwa mguu mmoja na kupunga vidole vingi majini. Mama yule aliwaweka sebuleni, ndani ya tangi la kioo. Januari 1964, mwezi mmoja baada ya Uhuru, alirudi kwao, akamwachia Jemima tangi pamoja na wanyama wake watatu.

Kufikia hapo Jemima alikuwa mke wa Mwero. Walifunga ndoa tarehe 16 Aprili 1955, na Mwero, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Taru, alidhani nyumba yao ya Mwabungo imetimia. Tangi likaja kwa mkokoteni. Wanyama wale walitaka mwanga, mwanga ulikuwa dirishani, na dirishani palikuwa na kiti cha Mwero. Kiti kikahama.

Wivu ulimwingia siku hiyo hiyo. Kila asubuhi Jemima aliteka ndoo mbili za maji ya bahari kabla hajabandika chai. Aliwapulizia hewa kwa pampu ya baiskeli ya Mwero, akawalisha vipande vya kamba kwa ncha ya kijiti, mmoja mmoja, huku akiwasemesha. Mwero aliwaambia majirani kwamba ameletewa waume wenza watatu. Watu walicheka, yeye hakuwa akitania.

“Mimi nala dagaa, wao wala kamba?” alimwuliza siku moja.

“Wewe ukikosa chakula wapiga kelele hadi Ukunda,” Jemima alimjibu. “Hawa wakikosa, wafa kimya.”

Mei mwaka huu wa 1968, figo zilimlaza hospitalini. Alimwachia mumewe agizo: maji ya tangi yakipungua kwa jua, aongeze ya mvua, kwa kuwa chumvi hubaki ndani. Mwero alinuna. Kila siku alikwenda kuketi kando ya kitanda chake, na neno la kwanza la mkewe lilikuwa, “Wamekula?” Hata salamu hakupewa. Kwa kisirani akaacha kuwatazama wiki nzima. Alipowatazama, walikuwa wamejikunja, wadogo kama vifungo vya koti. Hapo aliogopa. Kwao Taru mbuzi aliyezubaa hupewa chumvi arambe, basi akawamwagia viganja viwili vya chumvi ya jikoni. Jumanne tarehe 18 Juni wote watatu walikuwa wameoza.

Alasiri hiyo Jemima aliuliza, “Wamekula?”

“Wamekula, mke wangu. Wote.”

Akatabasamu. Kwa wiki nyingi Mwero alikuwa akilitafuta tabasamu lile, nalo likaenda kwa wafu watatu. Roho ilimuuma. Hata hivyo, kila siku aliurudia uongo ule ili alione tena.

Jemima alifariki Jumamosi tarehe 22 Juni, saa nne asubuhi, akiamini kwamba wako hai. Mwero hataki mkewe ashuke kaburini na uongo ule. Walikufa, Jemima, na aliyewaua ni mumeo. Anakuomba radhi mbele ya watu.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, Kadzo, Garama na Chirau, mama yake mzazi Mbodze, na kaka yake Jefwa. Wa dirishani hawamo katika hesabu hii. Walimtangulia kwa siku nne. Kama kuna wa kumlaki huko aendako, ni wao, na Mwero anawaonea wivu hata kwa hilo.

Mungu amjalie pumziko la amani.