Mama Kiberiti na Kitabu Kisicho na Wino

Mama Kiberiti, tunayemlaza leo, alituonya mapema: "Mkiandika habari zangu msiseme nilikuwa jasiri. Nilikuwa mwoga, na nyie mnajua." Basi tutasema kweli. Aliogopa giza maisha yake yote.

Alizaliwa tarehe 9 Juni 1951, mtoto wa pili kati ya watatu wa fundi mitambo wa kiwanda cha barafu na mkewe mshonaji. Nyumba yao ilitazamana na ufuo. Akiwa na miaka sita, mlango wa ghala la barafu ulijifunga yumo ndani, akakaa gizani saa mbili nzima. Mkononi alikuwa na kombe, gamba la chaza aliloliokota ufuoni. Alipitisha kidole kwenye matuta yake, akiyahesabu na kuyarudia, mpaka baba yake alipofungua. Tangu hapo hakulala bila taa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1958 hadi 1964, na sekondari hadi 1968. Baada ya mafunzo ya kujalidi vitabu aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, Januari 1971, akastaafu 2006. Vipande vya karatasi vilivyobaki aliviomba kwa msimamizi. Nyumbani, kwenye meza ya jikoni, alipaka wino makombe, mwani, kiti cha pweza, yule nyota wa baharini, na gamba la kaa, akavikandamiza kwenye karatasi, kisha akazishona kurasa ziwe vitabu vya ukubwa wa kiberiti.

Tarehe 12 Agosti 1976 alifunga ndoa na fundi kufuli. Wiki ya kwanza, bwana harusi alichukua kimojawapo cha vitabu hivyo, akidhani ni kiberiti, akawashie jiko.

"We bwana! Unanichomea mwani wangu!"

"Sasa kiberiti chenyewe kiko wapi? Nacho umekishona?"

Jina likamganda.

Machi 2019 daktari wa macho alimwambia kuwa presha ya macho imeharibu mishipa, na uoni uliopotea haurudi. Alifika nyumbani akawasha taa zote, mchana kweupe.

"Narudishwa mule ghalani," alimwambia mumewe. "Safari hii nani atafungua?"

"Mimi si fundi kufuli?"

"Mlango ule hauna kufuli, baba."

Akaanza kazi mbio mbio. Alilowesha karatasi nene na kuikandamiza juu ya makombe, bila rangi yoyote.

"Umesahau wino, mke wangu."

"Sijasahau. Wino ni wa wenye macho."

Kila chapa aliipima kwa kidole, macho kayafumba. Isiyoshikika aliichana. Alimaliza kurasa saba Oktoba 2021, akazishona kitabu kimoja. Novemba, mwanga ulimtoka kabisa.

Machi 2023 aliugua nimonia. Asubuhi ya tarehe 14, jua limejaa kitandani, aliuliza kwa hofu, "Mbona hamjawasha taa?" Mumewe akamwekea kitabu mkononi. Alikipapasa ukurasa kwa ukurasa. Baada ya wa saba kidole kikatafuta ukurasa mwingine.

"Kimeisha."

"Hakijaisha. Tunaanza tena," alisema mumewe, akamrudisha kwenye kombe la ukurasa wa kwanza.

Walikirudia mara nne. Saa nne na dakika ishirini kidole kilisimama kwenye kombe, tuta la tano. Kama hofu ilikuwa imemwisha, hatujui.

Ameacha mume, binti mmoja, mwana mmoja, wajukuu watano, kaka yake mkubwa na mdogo wake wa kike. Kitabu anacho, mkono wa kulia, kimefunuliwa ukurasa wa kwanza.

Apumzike kwa amani, na mlango aukute wazi.