Mama Godelieve Mushiya na Maji ya Ghuba

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mama Godelieve Mushiya anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika kituo chetu cha utafiti wa maji, hapa Kolwezi. Mkurugenzi ameniomba niandike maneno ya furaha. Nitajitahidi, ingawa waliowahi kukaa naye ofisi moja wataelewa kwa nini naandika huku nimekunja uso.

Alizaliwa Kolwezi, binti wa mfanyakazi wa mgodi ambaye familia yake ilitoka Kasai. Alisomea viumbe wa majini Lubumbashi, akarudi kupima ziwa la Nzilo na mto Lualaba wakati kituo kilipokuwa na darubini moja na mtumbwi unaovuja. Tuliponunuliwa boti, aliendelea na mtumbwi. Samaki wake wa vipimo walilala kwenye friji ileile ya chakula chetu, na hakuna aliyewahi kushinda ugomvi huo.

Mimi ndiye niliyeandaa kipindi chetu cha redio. Kila nilipomaliza kuandika, yeye alifuta. "Metali nzito ni nini?" aliniuliza siku moja. "Mama wa kule kijijini Mutshatsha atasikia nini hapo?" Nikaanza upya, kama kawaida.

Kisha ukaja ule msimu wa kiangazi ambapo samaki walianza kuelea wamekufa katika ghuba moja ya Nzilo. Watu wakawaokota, wakawakausha kwa moshi, wakawauza. Mama Godelieve alipima maji, akakuta asidi kali na shaba nyingi mno. Tata Ngeleka, mkurugenzi wa wakati huo, alimwagiza asubiri ruhusa ya wakubwa kabla ya kusema lolote. Sisi sote tulimsihi asubiri. Alichukua madumu mawili ya maji, ndoo ya samaki hai na gari la kituo, bila dereva wala ruhusa, akaenda sokoni.

Akina mama wauza samaki hawakumpigia makofi. Rachelle Kanyinda, mwenye meza kubwa kuliko wote, alimwambia waziwazi, "Mama, uko natuharibishia kazi. Batoto batakula nini?"

"Siko nabishana na weye," akajibu. "Angalia tu."

Akamimina maji ya ghuba katika beseni moja na maji ya upande wa juu wa mto katika lingine, akatia samaki hai kote kuwili. Samaki wa maji ya ghuba walihema juujuu, wakapinduka tumbo juu. Wale wengine waliendelea kuzunguka. Rachelle alitazama mpaka mwisho. Kisha akavuta kikapu chake, akamwaga samaki wote kwenye shimo la taka. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja, wengine wakilia.

Kesho yake walikuwa getini kwetu na masufuria matupu, wakidai chakula. Mama Godelieve hakuwepo. Alikuwa ziwani akitafuta bomba lililomwaga sumu hiyo. Mimi ndiye niliyetumwa kukaa nao, wiki nzima, juani.

Lakini kelele zao zilifika mahali ambapo ripoti zetu hazikuwahi kufika. Bomba la kiwanda kimoja cha kusafisha madini likapatikana, likafungwa, na wenye kiwanda wakalazimika kuzilisha familia hizo mpaka uvuvi uliporuhusiwa tena katika ghuba. Tata Ngeleka alimwandikia Mama Godelieve barua ya onyo, na mwezi uliofuata akamkabidhi cheti cha pongezi, bila hata kuona haya.

Siku hizi pale sokoni hakuna anayenunua samaki bila kuuliza ametoka ghuba ipi. Makala zake za kisayansi ni nyingi na zinasifiwa, ila mimi naona swali hilo la sokoni ndilo kazi yake kubwa.

Mama Godelieve, umetuchosha kwelikweli, na watoto wengi wa Nzilo wako wazima kwa sababu hukukubali kunyamaza. Tunakushukuru. Mungu akupe afya, usingizi mzuri na wajukuu wanaokuzunguka. Tafadhali, Jumatatu usipige simu kuuliza kama tumepima maji. Tutakuwa tumeyapima.